Siku Sita na Fimbo Moja: Kambi ya Gari-Nyumba Kaskazini mwa Yukon

Siku ya kwanza: Dawson City hadi Tombstone

Tumeondoka Dawson City saa nne asubuhi, tangi la petroli limejaa hadi shingoni na dumu la lita 20 limefungwa kwa mikanda nyuma ya gari. Kaka amelizunguka gari mara tatu akibonyeza tairi moja moja. Safari hii ukaguzi si wa mazoea. Tunaingia Dempster Highway, barabara ya changarawe inayoanza kilomita 40 mashariki mwa mji na kukata nyika ya Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada, hadi mji wa Inuvik, zaidi ya kilomita 730. Mahali pa kwanza pa kutegemea mafuta ni Eagle Plains, kilomita 369 kutoka njia panda. Katikati hapo hakuna duka, hakuna fundi, na simu inabaki kuwa saa na tochi tu.

Gari-nyumba ni la kaka, alilinunua likiwa limeshatumika. Kampuni nyingi za kukodisha huandika kabisa kwenye mkataba kwamba gari lao lisikanyage Dempster, na baada ya saa moja tu ya kokoto kugonga chini ya sakafu nimewaelewa. Urefu wake ni mita saba na ushee. Lina kitanda juu ya kichwa cha dereva, kingine nyuma, jiko la gesi, friji, choo chembamba kama kabati la nguo, tangi la maji safi la lita 150 na matangi mawili ya maji machafu. Kaka analala nyuma, mimi juu. Mpango wetu ni kufika Inuvik na kurudi. Kambi ya Engineer Creek, ile ya kando ya mto, tumeipangia usiku mmoja tu.

Barabara yenyewe ni tuta. Chini yake ardhi imeganda mwaka mzima, na wajenzi walimwaga changarawe nene, sehemu nyingine zaidi ya mita mbili, ili joto la juu lisiishukie barafu. Barafu ikiyeyuka, barabara inazama. Kazi ilianza mwaka 1959 na barabara ikafunguliwa rasmi mwaka 1979. Jina ni la William Dempster, askari aliyekuwa akipeleka barua kwa sleji za mbwa kati ya Dawson na Fort McPherson. Mwaka 1911 ndiye aliyetumwa kuwatafuta wenzake wanne waliopotea njiani majira ya baridi, akawakuta wote wamekufa. Nimemsomea kaka habari hiyo akiwa kwenye usukani. Hakusema kitu, ila mwendo ulishuka kutoka 60 hadi 50.

Malori hapa yanaheshimiwa. Ukiona vumbi mbele, unapunguza mwendo, unasogea kulia, unakaribia kusimama, kwa sababu jiwe linalorushwa na tairi la lori halichagui kioo. Tumepishana na manne, na kioo chetu ni kizima.

Tumelala kambi ya Tombstone, kilomita 71 kutoka njia panda, kando ya mto North Klondike. Milima imechongoka kama meno. Mbu ni wengi mno. Basi, kesho.

Siku ya pili: tunavuka mgongo wa maji

Kilomita chache baada ya kambi barabara inapanda hadi North Fork Pass, sehemu ya juu kuliko zote kwenye Dempster. Nilimwomba kaka asimame. Maji yote tuliyoyaacha nyuma yanaingia mto Yukon na kuishia bahari ya Bering, upande wa magharibi. Maji yaliyo mbele yetu yanashika njia ya mto Blackstone, yanaingia mto Peel, kisha mto Mackenzie, hadi bahari ya Aktiki. Nilitegemea kuona kilele, au ukuta. Kumbe ni uwanda mpana wa nyasi na vichaka vinavyofika gotini, upepo ukipita, na huwezi kusema mgongo uko wapi hasa. Tone likidondoka huku linakwenda bahari hii, likidondoka kule linakwenda bahari nyingine. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mbele zaidi milima inabadilika sura. Sehemu ya eneo hili haikufunikwa na barafu zile kubwa za kale, kwa hiyo mabonde ni membamba na juu ya vilima kumebaki minara ya mawe ambayo barafu ingeisaga. Baadaye inaanza harufu ya salfa, kama kiberiti kilichowashwa sasa hivi, na vijito vyenye rangi ya kutu. Madini ya chuma yamepaka mawe rangi ya chungwa iliyokolea. Nilishuka nikachota maji kwenye kikombe cheupe. Yenyewe ni meupe tu, lakini kidole nilichopitisha juu ya jiwe kilitoka na utelezi wa rangi ya matofali.

Tumefika kambi ya Engineer Creek, kilomita 194, saa kumi jioni. Ni kambi ya serikali ya Yukon, ndogo, ina nafasi chache. Kuni zipo bure, vyoo vya shimo vipo, umeme hakuna, bomba hakuna. Hakuna mtu wa kukupokea. Unajiandikisha mwenyewe, unaweka hela kwenye bahasha, unatumbukiza. Juu ya kambi umesimama mlima wa mawe uitwao Sapper Hill, jina walilopewa wanajeshi wahandisi waliojenga daraja la mto Ogilvie hapo jirani. Kijito kinapita mgongoni mwa nafasi yetu, hatua kama 15, na mto Ogilvie wenyewe ni mwendo mfupi kwa miguu. Mkazi mwingine ni mzee mmoja mwenye gari-nyumba dogo na mbwa mweusi.

Kusimamisha gari-nyumba si kuzima injini tu. Friji yetu inatumia gesi, na ndani yake ammonia inazunguka kwa kuteremka yenyewe bila pampu. Gari likilala upande, mzunguko unasimama, friji haigandishi, na ukiiacha hivyo kwa muda inaharibika moja kwa moja. Kwa hiyo nilikaa ndani na bilauri ya maji juu ya meza, kaka akipandisha tairi za kushoto juu ya mbao. "Bado, kaka. Bado. Kidogo tena. Hapo hapo!" Maji yakalala sawa.

Kabla ya kulala nilikata fimbo iliyoanguka, nikaichonga alama kwa kisu, kila alama upana wa kidole, nikaisimika ukingoni palepale maji yanapogusa changarawe. Sina kipimo kingine cha mto nisioujua. Mvua inaweza kunyesha milimani, wewe kwako kukavu, na maji yakaja usiku.

Usiku wenyewe hauji. Ni mwisho wa Juni, jua linajificha nyuma ya mlima kwa saa chache, lakini giza halipo. Saa saba usiku nilisoma maandishi madogo ya pakiti ya dawa ya mbu bila taa.

Siku ya tatu: jiwe

Tulikuwa tuondoke saa tatu. Saa mbili na nusu, kaka akikunja mbao, mimi nikalizunguka gari mara ya mwisho. Tairi za nyuma za gari kama hili ni pacha, mbili kila upande, zimekaa karibu karibu. Katikati ya pacha za kulia kulikuwa na jiwe. Si kokoto, jiwe hasa, ukubwa wa ngumi ya mtoto, jeusi, lenye pembe, limekazwa kati ya mpira na mpira kama kabari kwenye gogo.

"Kaka, njoo uone."

Alichuchumaa, akaligusa, akaguna. Tukajaribu kulitoa kwa nondo. Halikutikisika. Ndipo nilipotia sikio karibu nikasikia pumzi, nyembamba, ya upepo unaotoka. Jiwe lilikuwa limeshaanza kula ubavu wa tairi la ndani.

Kazi yenyewe ilichukua saa tatu, na nataka kuieleza kwa sababu kuna mambo mawili tungeyakosea. La kwanza, nati zinalegezwa gari likiwa bado chini. Ukishalinyanyua, tairi linazunguka na wewe. Kaka alisimama juu ya mpini wa spana kwa miguu yote miwili, akiruka kidogo kidogo, hadi nati ya kwanza ikalia na kuachia. La pili, jeki haiwekwi juu ya changarawe tupu. Mara ya kwanza tuliiweka, ikapanda, gari halikupanda, kumbe jeki ndiyo iliyokuwa ikizama. Mzee jirani alituona, akaja na ubao mnene kama Biblia kubwa, akautia chini ya jeki bila maneno mengi, kisha akaenda kutafuta mawe mawili ya kuzuia tairi za mbele. Sisi tulikuwa tumeweka moja tu.

Tairi la nje lilipotoka, jiwe likaanguka lenyewe, likabingirika hadi mguuni kwangu. Kwenye ubavu wa tairi la ndani palikuwa na jeraha la urefu wa kidole gumba, na ndani ya jeraha nyuzi zinaonekana. Hilo halizibwi. Tulikuwa na tairi mbili za akiba, maana kila aliyewahi kupita Dempster alituambia tubebe mbili. Sasa imebaki moja.

Tulimaliza mchana mkubwa tukiwa na vumbi hadi masikioni. Kaka akanawa, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akatazama kaskazini.

"Tungekuwa Eagle Plains saa hizi," akasema.

"Na jiwe likiwa humo humo."

Akacheka. Tukaamua kulala usiku mwingine.

Jioni tulitembea hadi daraja la Ogilvie. Mto ule ni wa kijani kama chupa, unakwenda bila haraka na bila kelele, upana wake ni wa kumfanya mtu wa ng'ambo aonekane mdogo. Jina lake ni la William Ogilvie, mpima ardhi aliyepima mpaka wa Yukon na Alaska mwaka 1887 na mwaka uliofuata, akaja kuwa kamishna wa Yukon wakati wa vurugu za dhahabu ya Klondike. Pale Engineer Creek inapoingia, maji mawili hayachanganyiki mara moja. Rangi ya kutu inatembea pembeni ya kijani, bega kwa bega, hadi kwenye kona.

Njiani tulipiga makofi na kuongea kwa sauti. Hii ni nchi ya dubu, na dubu anayekusikia mapema huondoka. Anayeshtukizwa ndiye hatari. Chakula chetu chote kiko ndani ya gari, hata sabuni ya vyombo, na dawa ya pilipili ya kumfukuza dubu inaning'inia mkandani mwa kaka.

Siku ya nne: mvua

Niliamshwa na paa. Mtu akitaka kujua mvua ni nini alale kitanda cha juu cha gari-nyumba, sentimita hamsini kutoka kwenye bati. Ilianza kwa vidole, ikaja kwa viganja, kufikia saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tunaongea kwa kupaza sauti.

Fimbo: alama mbili zimezama.

Barabara ya Dempster ikiloa inageuka kitu kingine. Ile dawa ya chumvi wanayomwaga kutuliza vumbi, ikichanganyika na maji, inatengeneza tope la utelezi linalonata. Tuliona lori moja likipita polepole sana, likiwa na rangi moja kuanzia taa hadi mkia. Kaka hakuuliza kama tuondoke. Akachemsha maji ya chai.

Saa sita mchana: alama nne. Kijito kimebadilika sauti. Jana kilikuwa kinaongea, leo kinasaga, na ukisimama ukingoni unasikia mawe yakigongana chini, mgongano butu unaoingia kwa miguu kabla ya masikio. Rangi ya kutu imepotea, kila kitu ni kahawa ya maziwa. Kipande cha mti chenye mizizi yake yote kilipita mbele yangu.

Saa tisa: alama sita, na maji yako hatua tisa kutoka gari. Hapo nilimwambia kaka tuhame. Alisema nafasi yetu iko juu, haijawahi kufurika, angalia miti ilivyokua. Nikamwambia miti haina tangi la petroli wala nyaya za umeme chini ya sakafu. Huwa sipendi kubishana na kaka, lakini kwa mto sioni aibu ya kuwa mwoga. Ukingo wa changarawe unaliwa kutoka chini. Unaona ardhi imesimama, kumbe ni rafu tu, chini yake patupu. Mzee jirani alikuwa tayari ameshawasha gari lake na kusogea nafasi za nyuma, karibu na barabara ya kutokea, pua ikielekea nje. Kaka alipoona hivyo akaingia nyuma ya usukani. Tukasogea, tukaanza upya na mbao na bilauri.

Saa tatu usiku: alama nane. Fimbo inatikisika lakini imesimama.

Siku ya tano: hesabu

Maji hayakufika nafasi yetu ya zamani. Yalisimama hatua saba kutoka pale tairi zilipokuwa, yakaacha mstari wa vijiti na povu. Kaka alikwenda kuutazama mstari huo, akarudi, hakusema kitu, na mimi pia sikusema. Sijutii kuhama hata kidogo.

Asubuhi mfanyakazi wa matengenezo ya barabara alisimamisha pikapu yake kwenye lango la kambi. Mto Ogilvie umeng'ata bega la barabara upande wa kaskazini, akatuambia, na maji yamepita juu ya tuta sehemu moja. Barabara imefungwa hadi greda na malori ya changarawe yamalize. Leo isahauni. Kaka aliuliza kina ni kiasi gani. Yule bwana akaonyesha chini kidogo ya goti. Sote tulielewa. Maji yanayokwenda kasi, sentimita 15 tu zinaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 hubeba magari mengi, hata makubwa, kwa sababu gari linaanza kuelea kabla dereva hajajua. Na chini ya maji ya kahawa huoni kama barabara bado ipo.

Basi tukakaa, tukapiga hesabu. Hii ndiyo sehemu ya maisha ya gari-nyumba ambayo picha hazionyeshi, na mimi ndiyo ninayoipenda. Nyumbani unafungua bomba bila kufikiri. Humu kila kitu kina mwisho, na mwisho wenyewe unauona kwenye vitaa vinne ukutani.

Maji safi: nusu ya tangi. Tukaamua ya tangi yawe ya kunywa na kupika peke yake. Ya kuoshea vyombo tukachota Ogilvie kwa ndoo, tukayaacha yatue, tukayachuja kwa kitambaa, tukayachemsha. Kwa mwinuko kama huu dakika moja ya kutokota sawasawa inatosha kuua vijidudu. Ya Engineer Creek hatukuyagusa, maana moto unaua vijidudu lakini madini yanabaki palepale.

Maji machafu: robo tatu. Hapa hakuna pa kumwaga, na kumwaga porini au mtoni hatumwagi, hata ya kunawia mikono. Kwa hiyo tukahamia choo cha shimo cha kambi.

Gesi: ya kutosha.

Betri ndiyo iliyotutisha. Hita ya gari inachoma gesi, lakini feni yake inakula umeme, na usiku mbili za mvua feni ilizunguka karibu muda wote. Betri ya aina yetu ikijaa na kutulia husoma volti 12.7 hivi. Ikifika 12.2 imebaki nusu, na kuishusha zaidi ya hapo ni kuifupishia maisha. Asubuhi ilisoma 12.1. Paneli ya sola juu ya paa, chini ya wingu lile, ilikuwa inaleta umeme wa kuwasha taa moja. Tukawasha injini saa nzima, tukazima hita, tukavaa makoti.

Jioni baridi ilipozidi kaka alitaka kuwasha jiko la gesi litupashe joto. Nilikataa, na hapo sikulegeza. Jiko la kupikia ndani ya chumba kidogo kilichofungwa linakula hewa na linaweza kutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wamelala nayo wasiamke. Tulichemsha maji, dirisha likiwa wazi, tukajaza chupa mbili, kila mtu akaingia na yake kitandani. Dakika kumi baadaye nilimsikia akikoroma.

Kabla ya hapo mzee alikuja na mbwa wake kunywa chai. Tulimshukuru tena kwa ule ubao. Akasema amepita barabara hii mara nyingi, na kila mara amepanga kufika mwisho, na mara nyingine Ogilvie ikamkatalia. Alikuwa akisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemzungumzia jirani. Mbwa alilala juu ya viatu vya kaka.

Fimbo, saa nne usiku: alama sita. Yanashuka.

Siku ya sita: kilomita 259

Nimeamka saa tisa usiku kwa sababu ya mwanga. Wingu limepasuka upande wa kaskazini na jua liko pale chini, linachomoza kwa mlalo, likipaka Sapper Hill rangi ya ndimu iliyoiva. Nikashuka taratibu nisimwamshe kaka.

Kozi, wale ndege wawindaji, wanataga kwenye magenge ya mlima huu. Siku zote nilikuwa nikisikia kelele zao bila kuwaona. Leo nilimwona mmoja akikata anga kutoka bondeni, kitu kimening'inia miguuni, akipanda kuelekea ufa mweusi kwenye mwamba. Kabla hajafika, mwingine alitoka ufani kumlaki. Wakakutana hewani. Yule wa chini akajigeuza mgongo chini, kucha juu, akapokea mzigo, na wote wawili wakaachana bila hata kupunguza mwendo. Sekunde mbili, labda. Nilibaki nimeinua shingo hadi ikauma, nikitumaini watarudia. Hawakurudia.

Saa nne mfanyakazi wa barabara alipita tena: njia imefunguliwa, lakini polepole. Tukatandaza ramani. Siku za likizo za kaka zimeliwa na mvua, Inuvik haipo tena, hata mstari wa Aktiki, kilomita 405, hatuufikii na kurudi kwa muda uliobaki. Nilijua alivyotaka kupiga picha kwenye kibao cha mstari ule. Nikamwambia twende basi hadi kilomita 259, barabara inapouacha mto. Tumekaa nao siku nne, tuusindikize.

Ni kilomita 65 tu na zilituchukua saa mbili. Pale palipong'atwa, changarawe mpya ilikuwa bado imelowa, na greda limeegeshwa pembeni, sahani yake imejaa tope. Kaka alipita kwa mwendo wa mtu anayetembea. Baada ya hapo barabara inafuata Ogilvie, kona kwa kona, kisha inaanza kupanda, inapanda, hadi inatoka juu kabisa kwenye mahali pa kutazamia.

Nilikuwa nimeona picha zake. Picha haina upana ule. Bonde limejaa misonobari myembamba hadi macho yanapochoka, milima ikiwa mistari ya bluu nyuma ya mistari ya bluu, na katikati Ogilvie, uzi unaong'aa, unakwenda zake kukutana na Blackstone. Hapo wanapokutana ndipo mto Peel unapoanzia. Ile Blackstone tuliyoiona siku ya pili kule juu, ikiwa kijito cha kuruka. Nilimwonyesha kaka kwa kidole. Alivua kofia, akakaa juu ya bampa, tukanywa chai iliyobaki kwenye chupa bila kuongea.

"Mwakani," akasema alipoinuka, "tunakuja na tairi tatu."

Tulirudi Engineer Creek saa kumi na mbili jioni kulala usiku wa mwisho. Mzee alikuwa ameshaondoka. Nafasi yetu ya kwanza, ile ya ukingoni, ilikuwa imechukuliwa na familia yenye watoto wawili na hema juu ya paa la gari. Kijito kimerudi kuongea, mawe yake ya kutu yanaonekana tena. Nilikwenda kuaga fimbo yangu nikakuta watoto wameing'oa, wameisimika karibu na moto, wameianikia soksi. Nikawaomba niikopeshwe kidogo. Nikaisimika ukingoni palepale, nikawaonyesha alama, nikamwomba baba yao aitazame kabla ya kulala. Yule mtoto mkubwa akachutama, akahesabu kwa kidole kutoka juu hadi maji yalipogusa.